Kroula la rimoti Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuliunga na kuliboresha

Majibu haya yanahusu kroula, gari la rimoti la kupanda mawe, la kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi) lenye rimu za inchi 1.9, kwa sababu ndilo lenye vipuri vingi zaidi. Ukiwa na dogo la 1/24 au 1/18 kanuni ni zilezile, ila usinunue kipuri kwa vipimo vilivyotajwa hapa. Mazingira ni ya Kigoma: mawe ya ufukweni, mchanga wa ziwa, vumbi jekundu kiangazi, na kipuri kinachosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Kroula linatofautianaje na magari mengine ya rimoti?

Limeundwa kupanda mawe, si kukimbia. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea taratibu. Ekseli ya mbele na ya nyuma ni ngumu, kama za Land Rover 109, na difu zimefungwa ili tairi zote nne zizunguke pamoja hata moja ikiwa hewani. Katika magari mengi ya 1/10, kutoka ekseli hadi ekseli ni karibu milimita 313, sawa na mita 3.13 kwenye gari halisi. Majina utakayokutana nayo sana ni Axial SCX10 II na III, Traxxas TRX-4 na Enduro ya Element RC.

Ninunue lililo tayari au niunge mwenyewe kuanzia kipande cha kwanza?

Boksi lenye herufi RTR lina gari zima pamoja na rimoti. Mara nyingi unaongeza betri na chaja tu. Seti ya kuunga ina chasisi, ekseli, giaboksi na shokapu. Mota, servo (mota ndogo inayogeuza usukani), kidhibiti mwendo na rimoti unavitafuta kando.

Kwa gari la kwanza, ukiwa Kigoma, chukua RTR. Ukinunua servo yenye meno 23 na mkono wake una meno 25, huna duka la jirani la kubadilishia, na gari litakaa mezani wiki kadhaa. Lakini usilipeleke kwenye mawe siku lilipofika. Fungua ekseli zote mbili uangalie grisi. Mara nyingi huwa kidogo sana. Toa skrubu moja moja zinazoingia kwenye chuma, paka tone la loktaiti ya bluu (gundi ya kuzuia skrubu isilegee), rudisha. Zinazoingia kwenye plastiki usizipake: hazihitaji, na dawa hiyo inaweza kuifanya plastiki ipasuke.

Nahitaji vifaa gani vya mkononi?

Bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2.0 na 2.5, za chuma kizuri. Skrubu ya M3 yenye kichwa cha mviringo hutumia 2.0, na ya M3 yenye kichwa kirefu hutumia 2.5. Bisibisi laini ikila kichwa cha skrubu mara moja, kazi ya dakika tano inakuwa ya mchana kutwa. Ongeza spana ya 7 kwa nati za magurudumu (M4), koleo ya mdomo mrefu na mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Kulehemu waya unaweza kumpa fundi, lakini chagua. Fundi simu wa Mwanga, hapa Kigoma, ana mkono mzuri, ila chuma chake ni chembamba na hakipashi waya mnene wa betri. Solda inaganda juu juu, inaonekana imeshika, kisha inaachia gari likiwa juu ya jiwe. Waya wa 12 au 14 AWG (kipimo cha unene wa waya) na plagi ya XT60 vinataka chuma cha wati 60 au zaidi. Mafundi redio na spika wanacho.

Nina hela kidogo. Niboreshe nini kwanza?

Tairi, kisha uzito wa chini, kisha servo. Mota iwe ya mwisho.

Wengi wanaanza na mota kubwa na betri ya 3S (yenye seli tatu; 2S ina mbili), na hapo ndipo hela inapopotea. Kroula likishindwa jiwe, mara nyingi si kwa kukosa nguvu. Tairi inateleza, pua inanyanyuka gari linapinduka kwa nyuma, au usukani hauna nguvu ya kugeuza tairi iliyobanwa. Ukiongeza nguvu, tairi itateleza kwa kasi zaidi na shafti itavunjika.

Tairi nzuri ni ipi?

Laini. Bonyeza jino la tairi kwa ukucha: likikunjika kwa urahisi na kurudi taratibu, mpira ni mzuri. Likiwa gumu kama soli ya ndala, litateleza hata kwenye jiwe kavu. Kipenyo cha milimita 105 hadi 120 kinatosha; juu ya hapo utakata bodi na kuipa servo kazi ya ziada.

Ndani ya tairi hakuna upepo, kuna sponji, na sponji ndiyo inayoamua tairi itajikunja vipi. Zile za safu mbili, ngumu katikati na laini nje, ni bora: ya nje inalalia jiwe, ya ndani inazuia tairi isilale kabisa gari likiwa limeinama ubavu. Kipimo ni hiki: gari likiwa chini na betri ndani, tairi ya mbele ibonyee milimita 3 hadi 5. Isipobonyea kabisa, punguza sponji kwa mkasi kidogo kidogo kuzunguka nje.

Nunua rimu za kubana kwa skrubu, zisizohitaji gundi. Utazifungua mara nyingi, ama kuongeza uzito, ama kukausha sponji. Kaza skrubu zake kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, la sivyo tairi itayumba.

Uzito uwekwe wapi, na kiasi gani?

Chini na mbele. Kila gramu iliyo chini ya kitovu cha gurudumu inasaidia, na kila gramu iliyo kwenye paa inadhuru. Kwa hiyo ile keria iliyojaa madumu, majembe na tairi ya akiba inapendeza kwenye picha, lakini itoe kabla ya mlima mkali.

Lengo ni asilimia 55 hadi 60 ya uzito iwe mbele. Kupima, weka magurudumu ya mbele juu ya mizani na ya nyuma juu ya kitabu chenye unene sawa na mizani, usome. Kisha geuza. Gari la gramu 2,800 likisoma 1,600 mbele, hiyo ni asilimia 57, na hapo pazuri. Likisoma 1,300, litapinduka kinyumenyume kwenye kila mwamba wa maana.

Vipande vya brasi, ile shaba ya rangi ya dhahabu, vinauzwa vya kufunga kwenye nakli za mbele (vishikio vya magurudumu vinavyogeuka na usukani) na kwenye kifuniko cha difu. Ni vizuri na ni ghali. Njia nafuu ipo kwa mafundi wa tairi za magari: vyuma vya kubandika vya kubalansi, vilivyokatwa vipande vya gramu 5 na 10. Safisha ndani ya rimu kwa spiriti, bandika gramu 60 kuzunguka kila rimu ya mbele, funga juu yake mzunguko mmoja wa selotepu ya umeme, kisha rudisha sponji. Umeongeza gramu 120 mahali pa chini kabisa kwa bei ya soda chache. Nyuma usiweke kitu mpaka uone gari linahitaji.

Risasi za nyavu za wavuvi pia zinafanya kazi, lakini ni sumu. Zifunge zote kwa selotepu, nawa mikono kwa sabuni baada ya kuzishika, na usiwape watoto kazi hiyo. Usiziyeyushe nyumbani.

Sogeza na betri pia. Magari mengi huja na betri nyuma au katikati. Ikihamia mbele juu ya ekseli, umepata gramu 150 au zaidi bila kununua chochote.

Servo ya kilo ngapi inatosha?

Kwa tairi zenye uzito ndani, anza na kilo 20 hadi 25 kwa sentimita, gia za chuma, iliyozibwa maji. Servo nyingi za RTR zina gia za plastiki au nguvu ndogo, na ndizo hufa mapema. Badilisha na mkono wake uwe wa alumini. Wa plastiki hujipinda, na unapoteza nguvu uliyoinunua.

Ufungaji una utaratibu. Washa rimoti na gari kabla ya kufunga mkono, ili servo ijiweke katikati yenyewe. Funga mkono ukiwa wima. Kisha kwenye rimoti punguza mwisho wa kukata kona kila upande mpaka servo iache kunguruma tairi zikiwa zimekata kabisa. Ukiiacha ingurume, inakula umeme ikisukuma chuma kisichosogea, na itaungua.

Nimefunga servo kubwa, sasa gari linazima ghafla nikikata kona kwenye mawe. Kwa nini?

Servo inamaliza umeme wa risiva, kifaa cha kwenye gari kinachopokea ishara za rimoti. Kidhibiti mwendo (kwenye boksi huandikwa ESC) kina sehemu ndogo iitwayo BEC inayopunguza volti za betri kulisha risiva na servo. Kwenye vidhibiti vingi vya bei ya kati, BEC hiyo hutoa ampea 3 tu. Servo ya kilo 25 iliyobanwa na jiwe inaweza kutaka zaidi. Volti zinaanguka, risiva inajizima, inawaka tena baada ya sekunde moja, na wewe unadhani rimoti ni mbovu.

Dawa ni BEC ya nje ya ampea 10. Iweke volti zinazokubaliwa na servo yako (soma ubavuni: nyingine mwisho 6.0, nyingine 7.4 au 8.4). Waya zake za kuingiza zilehemu kwenye waya za betri. Kwenye plagi ya servo, chomoa waya mwekundu peke yake. Usirudi kwenye risiva bali uunganishwe na chanya ya BEC ya nje. Waya wa ishara unabaki kwenye risiva. Hasi ya BEC, ya servo na ya risiva lazima zikutane, vinginevyo servo itatetemeka ovyo.

Mota na gia nichague vipi?

Mota za brashi za ukubwa wa 540 huandikwa namba na herufi T, yaani mizunguko ya waya ndani yake. Namba kubwa ni taratibu zaidi na ni rahisi kuiongoza pole pole. Kwa betri ya 2S, 35T inafaa njia mchanganyiko na 55T inafaa mawe matupu. Ukihamia 3S, mwendo unapanda kwa nusu, maana volti zinatoka 7.4 kwenda 11.1, hakikisha kwanza kidhibiti chako kinaruhusu 3S.

Kabla ya kununua mota, badilisha pinioni, gia ndogo ya chuma kwenye mota. Gia kubwa ikiwa na meno 56 na pinioni 14, uwiano ni 4.0. Ukiweka pinioni ya meno 11, unakuwa 5.09: mwendo unapungua kwa karibu asilimia 21, nguvu inaongezeka, mota inapoa. Ni kipuri cha bei ndogo, na wengi wanakipuuza. Wakati wa kuifunga, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia hizo mbili, zibane, kaza mota, kisha toa karatasi. Zikibanana zaidi ya hapo zitalia na kupata moto. Zikiachana zitalana meno. Hakikisha pia pinioni ya zamani na mpya ni za kipimo kimoja cha meno: moduli 0.8 na pichi 32 zinaingiliana, pichi 48 haiingiliani nazo.

Kwenye kidhibiti mwendo, weka breki ya kujishika yenyewe kwenye asilimia 100. Ukiachia kidole, gari lisimame hapo hapo kwenye mteremko.

Shokapu ziwe ngumu au laini?

Laini kuliko unavyodhani. Anza na mafuta ya silikoni ya 30wt na springi laini. Gari likikaa lenyewe, lizame theluthi moja hadi nusu ya mwendo wa shokapu, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka kufuata shimo.

Usijaze mafuta ya injini wala mafuta ya mawese, hata kwa muda. Mafuta ya petroli yanavimbisha oringi za silikoni, shokapu zinakwama halafu zinavuja. Ukijaza ya silikoni, pampu shafti taratibu mara kadhaa, acha mapovu yapande dakika tano, ndipo ufunge.

Ukikanyaga moto na bodi ikalala upande mmoja, hiyo ni mota inapindua chasisi kupitia propela shafti. Ongeza mkazo wa milimita 1 hadi 2 kwenye springi ya nyuma ya upande unaozama. Magari yenye ekseli za potali, ambazo zina gia ndogo kwenye kila gurudumu, yana tatizo hili kidogo, na tumbo la ekseli linakaa juu zaidi.

Fundi wa hapa anaweza kunitengenezea linki?

Anaweza. Linki ni fito inayounganisha ekseli na chasisi, na hiki ni kipande ambacho hakuna sababu ya kuagiza mbali. Mpelekee fito ya stenlesi ya milimita 6. Pima linki ya zamani kutoka kituo cha mpira mmoja hadi kituo cha mwingine, toa urefu wa vichwa vya plastiki, mwandikie kipimo kwenye karatasi. Kila ncha itobolewe kwa keekee ya 2.5, kina cha milimita 12, ikatwe nyuzi za M3. Linki mbili zinazolingana zikatwe pamoja. Tofauti ya milimita moja tu inatosha ekseli ikae mshazari.

Naweza kuchaji LiPo (betri ya lithiamu ya gari) kwa umeme wa sola?

Ndiyo, ukiwa na chaja yenye tundu la DC la volti 11 hadi 18. Iunganishe moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12, bila kupitia inveta. Betri ya 2S ya 2200 mAh ina karibu wati-saa 16, kwa hiyo itachukua chini ya ampea-saa 2 kwenye betri ya sola.

Chaji kwa ampea sawa na ukubwa wa betri: 2200 mAh kwa 2.2 A, 5000 mAh kwa 5 A. Tumia plagi ndogo ya kusawazisha seli kila mara. Kila seli inajaa kwenye volti 4.2 na isishuke chini ya 3.2 ukiendesha, kuihifadhi zaidi ya siku chache, iache kwenye 3.8. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu kikavu, mbali na godoro na pazia, na uwepo mpaka iishe. Iliyovimba isichajiwe tena. Ipeleke nje, iunganishe na balbu ya gari ya volti 12 na wati 21, iache mpaka balbu izime kabisa.

Seli za betri za kompyuta zilizotumika, zile zinazouzwa kwa ajili ya tochi, usiziunge kwa kazi hii. Hazitoi umeme wa kutosha mota ikibanwa, na zinapata moto.

Naweza kuliingiza ziwani?

Kwa kina cha nusu ya gurudumu, ndiyo, kama kidhibiti na servo zimezibwa maji na risiva iko kwenye kiboksi chake. Paka grisi ya silikoni pale waya zinapotokea. Tanganyika ni maji baridi, yasiyo ya chumvi, hivyo kutu haiji haraka kama ufukweni Dar. Adui ni mchanga. Ufukwe kama wa Kibirizi una chembe ndogo zinazoingia kwenye beringi na kati ya gia, zikachanganyika na grisi na kusaga chuma.

Ukirudi, fanya haya siku hiyo hiyo. Suuza gari kwa maji safi ya ndoo, polepole, bila presha. Presha inasukuma mchanga ndani. Zungusha magurudumu kwa mkono usikilize: ukisikia kukwaruza, toa gurudumu hilo ubadilishe beringi. Kamua tairi. Kama hazina tundu, toboa matundu mawili ya milimita 3 katikati ya mpira, yakitazamana, maji yatoke. Mota ya brashi iendeshe gari likiwa limenyanyuliwa dakika mbili ikauke, kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi yake. Ekseli zifungue kila baada ya safari chache za maji: grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, futa yote, paka grisi mpya isiyooshwa na maji.

Beringi za kununua ni zenye herufi 2RS, yaani kizibo cha mpira. Za ZZ zina kizibo cha bati na mchanga unapita. Vipimo vinavyotumika sana ni 5x11x4 na 10x15x4, lakini pima zako kabla ya kuagiza.

Niagize vipuri gani vya akiba kwa mkupuo mmoja?

Mikono miwili ya servo, pinioni mbili, gia kubwa moja, propela shafti moja, shafti za mbele jozi moja, beringi seti nzima, pini za bodi, na skrubu za M3 za urefu wa 8, 10, 12 na 16. Betri iagize mapema na kando: mashirika ya ndege yana masharti makali kwa betri za lithiamu, na mzigo wote unaweza kusimama kwa sababu yake.

Niliendeshee wapi, na kwa namna gani?

Miamba ya upande wa Bangwe na Katonga ni mizuri asubuhi, jiwe likiwa kavu. Jiwe lililolowa na kuota ukoko wa kijani liache; hakuna mpira unaoshika hapo. Kwenye ufukwe wenye wavuvi, kaa mbali na nyavu na dagaa walioanikwa: uzi wa wavu ukijisokota kwenye ekseli unakata kizibo cha beringi, na mwenye dagaa ana haki ya kukasirika.

Tembea kando ya gari uone tairi zote nne. Weka tairi juu ya jiwe, usilipitishe jiwe katikati, maana tumbo la giaboksi ndilo litakalokwama. Likikwama, usishikilie moto. Rudi nyuma sentimita kumi, geuza usukani kidogo, ingia kwa pembe nyingine.

Gari linatoa mlio wa tak-tak na haliendi. Nini kimevunjika?

Linyanyue, shika magurudumu ya mbele yasizunguke, kanyaga moto kidogo sana. Propela shafti zikizunguka na gurudumu la mbele limesimama, tatizo liko ndani ya ekseli ya mbele: pini ya shafti au meno ya difu. Zisipozunguka na mota inalia, fungua kifuniko cha gia kubwa. Huenda skrubu ya pinioni imelegea, na pinioni inazunguka bure kwenye shafti ya mota. Skrubu hiyo lazima ikae kwenye upande bapa wa shafti, na tone la loktaiti. Ukikuta meno ya gia kubwa yameliwa sehemu moja tu, jiwe dogo lilipita hapo: badilisha gia, kisha ziba tundu la kifuniko kwa kipande cha sponji.